Koti la Mzee Salehe

Kayanga, Karagwe
3 Novemba 1991

Mzee Usumani wa studio ya Biryogo,

Shikamoo. Hunijui wala sikujui, ila jina la studio yenu limetajwa nyumbani kwetu tangu nikiwa sijui kusoma. Naitwa Illuminée Mukarugwiza, mwalimu wa darasa la nne hapa Kayanga. Gatera, dereva anayepeleka chumvi huko kwenu, ndiye aliyenihakikishia kwamba studio bado ipo, kwamba Mzee Salehe baba yako alishafariki, na kwamba wewe umekalia kiti chake na unaongea kuliko redio. Nisamehe, maneno ni yake. Nimempa barua hii mkononi kwa sababu barua za posta siku hizi zinafika zimeshafunguliwa.

Shida yangu ni picha. Mwezi wa nane mwaka 1959 mama yangu, Gaudiose, alimpeleka mchumba wake kwa Mzee Salehe apigwe picha. Mchumba huyo ni Rutayisire, baba yangu. Walioana wiki ileile. Novemba vurugu zikaanza. Mama akakimbia na wajomba zake akiwa na mimba yangu, baba akarudi nyuma kumchukua bibi, na hakuonekana tena. Waliotufuata walisema ameuawa. Picha mama aliibeba kifuani, ikalowa wakati wa kuvuka mto Akagera, ngozi yake ikabanduka, ikabaki karatasi nyeupe. Bado anayo, nyeupe hivyo hivyo, ndani ya Biblia.

Sasa mama ana presha ya macho. Daktari amesema jicho la kushoto litatangulia, na la kulia halitavuka miaka miwili. Mama hakulia. Alisema tu kwamba kabla halijafunga anataka kumwona Rutayisire. Mimi sijawahi kumwona hata mara moja. Naambiwa nina masikio yake, makubwa, yale ambayo wanafunzi wangu wanayacheka nikigeuka ubaoni.

Tafadhali, Mzee wangu, kama negativu ipo, ile filamu ya kuchapia picha, nitafutie.

Illuminée Mukarugwiza


Biryogo, Kigali
9 Desemba 1991

Mwanangu Illuminée,

Marahaba. Mwambie huyo Gatera redio huisha betri, mimi bado.

Barua yako imenifurahisha kuliko unavyodhani. Tangu vita vianze mwaka jana mimi ni mpiga picha za vitambulisho tu. Watu wanaingia, wanakaa, hawacheki, wanaondoka na picha nne za kibali cha kusafiri. Bila kibali hutoki Kigali hata kwenda kumzika shangazi. Babu yangu, mtu wa Ujiji, enzi za Wabelgiji alihitaji karatasi ili atoke hapa Biryogo. Mimi mjukuu nahitaji karatasi ili nitoke mjini. Hayo ndiyo maendeleo yetu. Na mwaka jana mwezi wa kumi nilikaa siku tisa kwenye uwanja wa mpira pamoja na mamia ya watu, na wala sikuitwa kucheza. Walisema mwenye kamera ni mpelelezi. Kisha wakaniachia, kwa sababu walihitaji picha za vitambulisho.

Basi umenipandisha darini. Mzee hakutupa negativu hata moja. Kila moja aliitia kwenye bahasha yake, akaandika jina, jina la baba, kilima anachotoka na tarehe, akapanga kwenye makopo ya biskuti. Alikuwa akisema picha ni ya mteja lakini negativu ni amana, na amana haichomwi. Makopo yako arobaini na mawili, nusu yamevurugika tangu paa lilipovuja. Kila Ijumaa baada ya sala nashusha moja.

Mwanangu, sikujua kwamba nimelala miaka yote hii chini ya mji mzima. Naitia karatasi kwenye dawa, naitikisa kidogo, na mtu anapanda taratibu kutoka kwenye weupe, macho kwanza. Nimewapata mabibi wawili wa mtaa huu, ambao leo hawasalimiani, wameshikana mikono na kuvaa hereni za kufanana. Nimempata imamu wetu akiwa na miaka mitano, analia. Na wanaume wote wamevaa koti moja. Ni koti jeusi la vifungo vinne ambalo Mzee alilinunua Bujumbura kwa ajili ya studio. Hakuna mwanaume aliyekaa kwenye kile kiti bila kuvishwa. Mfupi linamfika magotini, mrefu viganja vyote nje. Ukipitia makopo haya utadhani Kigali nzima iliazima koti kwa mtu mmoja, na ni kweli iliazima. Bado ninalo. Nondo wamekula kola tu.

Mama yako namkumbuka. Nilikuwa na miaka ishirini, kazi yangu kushika taa. Si ndiye yule binti aliyekataa kukaa kwenye picha, akasimama kando ya kamera akicheka mpaka Mzee akaharibu filamu mbili? Msalimie sana. Nitaipata tu.

Usumani bin Salehe


Kayanga
16 Februari 1992

Mzee wangu Usumani,

Shikamoo. Nilimsomea mama barua yako, akacheka mpaka akakohoa. Ndiye yeye. Anasema alikataa kukaa kwa sababu siku ile alikwenda kutazama, si kutazamwa. Nikamwomba anieleze picha ilikuwaje ili nikurahisishie kazi, akagoma. Amesema ikija ataijua.

Jicho la kushoto sasa ni moshi mtupu. Kwa la kulia anasoma kwa lensi ya duara, karatasi ikiwa imemgusa pua. Nimeshapigilia msumari ukutani, mkabala na dirisha, mahali penye mwanga.

Nina wazo jingine. Picha ikifika nitaionyesha kila dereva anayetoka Kigali, na kila mfanyabiashara. Lazima yuko mmoja anayelijua kaburi lake. Sitaki mama awe na picha tu, nataka awe na mahali.

Illuminée


Kanombe
22 Machi 1992

Usumani,

Jana ulinivuta mkono ukacheka, ukaniingiza chumba cha giza, ukasema njoo umwone pacha wako wa mwaka 1959 anatoka majini. Nikamwona. Nilipokaa chini ulidhani ni tumbo.

Si pacha. Rutayisire ni mimi.

Umenipiga picha za vitambulisho mara tano kwa jina hili nililonalo. Tumecheza bao miaka kumi na minane. Hukuwahi kuniuliza kitu, na ndiyo sababu nilikupenda. Sikia basi. Niliporudi kumchukua mama yangu niliikuta nyumba imeungua na yeye ndani. Nikaambiwa kundi la akina Gaudiose liliuawa lote mtoni. Padri mmoja akanipa jina, na mkubwa mmoja wa ofisi ya serikali ya komine akanipa karatasi yenye kabila jingine. Nilioa tena baada ya miaka saba. Gaudiose nimemwombea kama marehemu kwa miaka thelathini na miwili, na jana, katikati ya harufu ya dawa zako, unaniambia anaisubiri picha yangu Karagwe, na kwamba nina binti mwalimu.

Sijui nilie au nikimbie, na pa kukimbilia sina. Jirani yangu wa kushoto ni sajini, wa kulia ni sajini. Kila anayepanda ndege amepita kwenye mizani yangu ya mizigo na kunitazama usoni. Nywele zimeota mvi, lakini masikio hayazeeki. Uliniambia binti atawaonyesha madereva wote. Wa kwanza atakayesema, huyu si ndiye yule mzee wa mizani, atakuwa ameniua mimi, mke wangu, na watoto wanne ambao hata jina langu hawalijui. Wanaokamatwa sasa wanaitwa vibaraka wa adui kwa sababu ya binamu aliye ng'ambo. Mimi nina mke ng'ambo.

Ichome. Na barua hii ichane.


Biryogo
24 Machi 1992

Ndugu yangu wa Kanombe,

Barua nimeichana. Negativu siwezi.

Usidhani ni ukaidi. Jana niliishika na kiberiti mkononi. Nikaona mwandiko wa Mzee kwenye bahasha, nikamwona na mama yule anayepakata karatasi nyeupe ndani ya Biblia, mkono ukakataa. Lakini sitaituma. Naapa kwa aliyeniumba, haitoki humu mpaka wewe mwenyewe useme. Nitaishi na binti yako kwa uongo, na wewe utaishi na uso wako ndani ya kopo la biskuti juu ya kichwa changu. Umejifungia miaka thelathini na miwili, sasa umenivuta ndani na mimi na mlango umefungwa.

Kosa ni langu. Nilikuwa na furaha, ndiyo maana sikufikiri.

U.


Biryogo
10 Mei 1992

Mwanangu Illuminée,

Hali ni njema. Picha bado. Makopo mengi yameingia unyevu na panya nao hawana adabu. Mwambie mama asiweke moyo wote huko. Na hilo la kuwauliza madereva, tafadhali liache. Siku hizi swali lolote lina masikio.

Usumani


Kayanga
22 Novemba 1992

Mzee Usumani,

Shikamoo. Hii ni barua yangu ya tatu tangu Mei. Gatera anasema amekukuta mzima, ukamkaribisha chai, ukaongea habari za mvua, na ukamrudisha mikono mitupu.

Nitasema nilichonacho moyoni, na kama ni utovu wa heshima nikemee. Mwaka jana aliniandikia mtu anayecheka. Sasa ananiandikia karani. Kama negativu imeoza, sema imeoza, tutalia tutanyamaza. Kinachotuumiza ni kusubiri. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona upana wa kiganja, karibu na lensi, asubuhi tu jua likiwa kali. Kila Gatera anaposimamisha lori mama ananiambia nifungue dirisha.

Sijui tumekukosea nini.

Illuminée


Biryogo
18 Januari 1993

Mwanangu Illuminée,

Imepatikana. Imo humu ndani, kati ya kadibodi mbili. Utamwona baba yako amekaa, amevaa koti la Mzee, mikono juu ya magoti. Msomee mama bahasha ilivyosema: Rutayisire, Agosti 1959.

Nisamehe kwa kuchelewa.

Usumani


Biryogo
18 Januari 1993

Ndugu wa Kanombe,

Nimefanya jambo. Kwenye kopo la ishirini na sita yupo fundi cherehani mmoja wa hapa hapa mtaani, alikufa mwaka 1963, hakuacha mke wala mtoto. Koti ni lilelile, kiti ni kilekile, na masikio anayo, nimechagua mwenye masikio. Nimempeleka yeye Karagwe kwa jina lako. Mama haoni zaidi ya kiganja na binti hajawahi kukuona. Watampenda.

Tangu lori liondoke sijaweza kula. Njoo tucheze bao, lakini usinisemeshe.

U.


Kayanga
7 Machi 1993

Baba yangu Usumani,

Niruhusu nikuite hivyo, maana leo nimepata baba wawili.

Nimemtundika kwenye ule msumari. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule namwamkia. Ana paji la uso langu, nimejipima kwenye kioo. Na masikio, si niliambiwa? Wenzangu shuleni wamekuja kumwona, na wote wamesema sikuokotwa. Nimelia, nimecheka, nimewapa wanafunzi mapumziko ya nusu saa bila sababu.

Mama alimshika na lensi asubuhi nzima. Alikwenda taratibu, kifungo kwa kifungo, halafu uso, akakaa hapo. Mwishowe akasema, "Koti ni lenyewe." Akaomba apelekwe kulala. Nadhani furaha imemchosha. Tangu siku ile anasema maneno machache.

Mungu akulipe. Nimekutukana na wewe ulikuwa unanitafutia.

Illuminée


Kayanga
2 Aprili 1993

Usumani,

Anayeandika ni Béatha, jirani yangu, maana macho yananikatalia. Illuminée yuko shuleni, na barua hii haijui.

Ulipokuwa na miaka ishirini ulimwambia baba yako taa imeanguka yenyewe. Ulikuwa mwongo mbaya na hujajifunza.

Koti nililijua. Mtu siye. Huyu anatazama kamera. Rutayisire hakutazama kamera. Mimi nilisimama kushoto kwa baba yako, na kila alipomwambia atazame kioo yeye alinitazama mimi, mpaka Mzee akachoka akapiga hivyo hivyo. Tulipoichukua picha ile watu walisema imeharibika, mume anatazama pembeni. Mimi nilisema hiyo ndiyo yangu.

Kwanza nilikasirika. Halafu nikafikiri siku nyingi, maana kazi nyingine sina. Kama ingekuwa imeoza ungesema. Kama usingeiona ungesema. Wewe umeiona ukaificha, ukahangaika kutafuta mwingine wa kufanana. Nani anajisumbua hivyo kwa picha ya marehemu? Za marehemu hugawiwa hata kwa wageni. Umeficha picha ya mtu anayetembea.

 

Usiniambie yuko wapi. Akiwa na mke, vizuri, hakupaswa kukaa peke yake, na mimi nilikuwa nimekufa. Simdai kitu. Mfikishie mawili tu. Mtoto alizaliwa, msichana, ana sauti kali na roho ya huruma. Na mimi bado nasimama palepale kushoto.

Picha iache kwenye kopo. Sitaki jicho langu limgharimu shingo. Na binti yangu usimwambie, anampenda fundi wako.

Gaudiose


Biryogo
11 Mei 1993

Ndugu wa Kanombe,

Soma hii ya ndani. Ni ya aliyesimama kushoto. Nimekwisha.

U.


Kayanga
12 Septemba 1993

Baba Usumani,

Shikamoo. Umesikia ya Arusha? Hapa tumecheza ngoma barabarani. Wametia saini amani, wakimbizi tunarudi. Watu wanauza mbuzi, wananunua mabegi.

Mama haoni tena kitu, hata jua. Lakini nimeamua, na nimeshaomba likizo shuleni: Pasaka ijayo namleta Kigali. Tutafikia kwako. Tutakuja na picha ya baba, na safari hii nitauliza hadharani, mtaa kwa mtaa, mpaka nilipate kaburi. Nilipomwambia mama amenikatalia kwa ukali ambao sijauona tangu nikiwa mtoto. Ni woga wa uzee. Nitamleta tu.

Illuminée


Kanombe
3 Machi 1994

Usumani,

Barua ya Gaudiose nimeisoma mpaka imekatika kwenye mikunjo. Naibeba ndani ya soksi.

Nimeomba kibali cha kwenda Kibungo, upande wa mpakani, nilisema nina mgonjwa. Nimenyimwa, na karani akaniuliza mgonjwa gani, wa upande gani. Kijana wa jirani amepewa bunduki. Anakaa nayo barazani akiipanguza, na nikipita ananiamkia vizuri kama zamani. Mke wangu anauliza kwa nini silali. Nimemwambia ukweli juzi, wote, hata jina. Akaniuliza Gaudiose anapenda nini. Sikukumbuka zaidi ya kucheka.

Sina njia ya kutoka. Nimezihesabu zote. Lakini kuna jambo moja silivumilii: ukutani kwa binti yangu ametundikwa fundi cherehani wa watu, na ndiye anayeamkiwa kila asubuhi. Na wanakuja Pasaka kulitafuta kaburi langu mbele ya watu.

Sema naye kabla hajaja. Mwambie yote. Nakupa ruhusa uliyoapa kuisubiri. Nitakuja siku ya Idi, Biryogo yote ikiwa mlangoni kwako na nguo mpya, hakuna atakayenitazama. Litoe koti.

Rutayisire


Biryogo
26 Machi 1994

Mwanangu Illuminée,

Kaa kwanza. Funga mlango. Hii usimsomee mtu isipokuwa mama yako, naye nusu yake anaijua.

Yule uliyemtundika si baba yako. Ni fundi cherehani wa mtaani kwetu, mtu mwema, alikufa bila mtoto. Mimi ndiye niliyemtuma, nikijua. Baba yako yu hai. Anakaa hapa Kigali kwa jina jingine na kabila jingine, ana mke na watoto, na kwa miaka yote alijua ninyi ndio mliokufa. Negativu yake niliipata zamani, mwezi wa tatu mwaka 1992. Aliniomba niichome nikakataa. Wewe uliniomba niitume nikakataa. Kila mmoja wenu alikuwa na haki, na mimi katikati nikageuka mwongo. Nilipopokea ile barua uliyoniita baba nilitoka nje nikakaa barazani, wateja wakaondoka.

Mama yako aligundua siku ileile. Hakutaka ujue, kwa sababu ulikuwa na furaha. Mkasirikie akishamaliza kukueleza, si kabla.

Siku ya Idi baba yako alikuja. Mstari wa wateja ulifika mpaka kwa muuza samosa, watoto wamepakwa wanja, kelele tupu. Alisimama kwenye foleni kama mtu yeyote. Nilimvisha koti la Mzee mimi mwenyewe. Mwaka 1959 mikono yake ilibaki nje kwa urefu. Sasa linamfunika viganja, amenywea. Akakaa kwenye kiti. Nikamwambia atazame kamera, kwa mazoea tu, ndivyo tunavyowaambia wote. Akaniuliza, "Alisimama wapi?" Nikamwonyesha. Nilipiga mara moja, sikuhitaji ya pili.

Zote mbili zimo humu, ya zamani na ya Idi. Usimwonyeshe dereva, wala Gatera, wala mwalimu mwenzako. Nyuma ya ile mpya ameandika jina lake kwa mkono wake. Aliniambia ni mara ya kwanza tangu awe na miaka ishirini na mitano.

Barua yako ya Septemba sikuijibu kwa sababu sikuwa na ruhusa ya kusema. Sasa nasema: msije Pasaka. Nakuomba kama baba. Hapa kuna vizuizi kila kona na wanaosimama kwenye vizuizi si askari tu. Hata sokoni watu wananong'ona wakinunua nyanya. Tukivuka haya nitawafuata mpakani mwenyewe, na kibali au bila kibali.

Makopo yote arobaini na mawili nimeyafukia chini ya sakafu ya chumba cha giza, upande wa sinki. Nakuambia wewe ili awepo mtu anayejua.

Mama hataona, najua. Mwambie hatazami kamera.

Usumani bin Salehe


Kayanga
17 Aprili 1994

Baba Usumani,

Sijui nani ataibeba hii. Pasaka mama aligoma kupanda lori, hatukuja. Gatera alivuka mpaka wa Rusumo Jumanne tarehe tano, akanifikishia bahasha yako Jumamosi. Tangu hapo hakuna lori linalokwenda huko. Tunasikiliza redio mchana kutwa. Nimepiga simu kutoka misheni, inaita tu.

Nilikukasirikia siku mbili. Nilishaanza kukuandikia barua mbaya, kwamba ninyi watatu mlinifanya mjinga, kwamba nimemwamkia mtu baki kwa mwaka mzima na kumwambia siri zangu. Siku ya tatu nikaichana. Sina uhakika tena kama yuko mtu upande huo wa kukasirikiwa.

Nimemwona. Masikio ni yangu kweli. Paji la uso siyo, lile nilijipa mwenyewe.

Mama nilimsomea barua yako yote. Hakulia wala hakushangaa. Nilimpa picha mikononi, ya zamani mkono huu na ya Idi mkono ule, akazipapasa kingo. Akauliza anatazama wapi. Nikamwambia kushoto, mama, zote mbili. Akaniambia nizitundike.

Fundi cherehani sikumtoa. Hana kwao kwingine. Amebaki kwenye msumari wake, na baba nimempigilia misumari miwili pembeni, mmoja juu ya mwingine. Mama akainuka, akapapasa ukuta mpaka akazifikia, akarudi nyuma hatua tatu akihesabu. Kisha akakivuta kiti chake upande wa kushoto, akakigeuza kidogo, akakaa.

Tangu siku hiyo anakaa hapo kuanzia asubuhi mpaka nimlaze. Kiti kimeziba mlango wa jikoni. Tunazunguka nje tukitaka maji, hata mvua ikinyesha, na hakuna aliyemwambia asogee.

Illuminée binti Rutayisire